Protini ya utando inapotelea wapi? Utatuzi wa mavuno hafifu kwenye seli za mamalia

Mavuno yakiwa hafifu, wengi hukimbilia kuongeza: DNA zaidi, PEI (polima inayobeba DNA kuiingiza kwenye seli) zaidi, flaski kubwa zaidi. Kwa protini ya kawaida ya sitoplazimu hilo huweza kusaidia. Kwa protini ya utando mara nyingi linazidisha tatizo. Protini hii husukwa na ribosomu huku ikichomekwa kwenye utando wa retikulamu endoplazimu, ikakunjwa humo humo, ikavishwa sukari, ikakaguliwa, na ikipita ukaguzi ndipo hupelekwa Golgi hadi kwenye utando wa nje wa seli. Halafu unakuja wewe na detajenti (kiyeyusha utando kama sabuni) kuing'oa huko. Inaweza kupotea kwenye kituo chochote kati ya hivyo, na dawa ya kituo kimoja yaweza kuwa sumu kwa kingine. Kwa hiyo kabla hujabadilisha chochote, tafuta inapopotelea.

Mwongozo huu unachukulia kwamba una seli za HEK293 (zilizotokana na figo ya binadamu) zinazokua zikielea kwenye midia isiyo na seramu, na kwamba protini yako imeunganishwa na GFP, protini inayowaka kijani. Kama haijaunganishwa, tengeneza toleo la majaribio: sfGFP (aina ya GFP inayokunjika kwa urahisi) kwenye mwisho wa C, katikati ukiweka mfuatano unaokatwa na proteazi ya TEV au 3C. Angalia mwisho huo unaelekea upande gani wa utando. EGFP ya kawaida ikitokea upande wa ndani wa retikulamu, sisteini zake huweza kufungana vibaya ikashindwa kuwaka. SfGFP huvumilia mazingira hayo. Na tangu mwanzo ukumbuke kwamba GFP huweza kuwaka hata pale protini iliyoshikana nayo imekunjika ovyo. Mwanga wa jumla unakueleza kiasi kilichotengenezwa. Haukuelezi kama kinafaa.

Hakuna mwanga kabisa

Andaa flaski tatu kwa siku moja: ya kwanza ina plasmidi ya GFP tupu, ya pili ina plasmidi yako, ya tatu seli zisizopewa DNA. Bila hizo tatu hutajua kama kosa liko kwenye uingizaji wa DNA au kwenye jeni lenyewe.

GFP tupu ikiwaka vizuri na yako ikabaki giza, soma mfuatano wa plasmidi yote kuanzia promota (sehemu inayowasha jeni) hadi ishara ya poli-A (inayofunga mwisho wa RNA), si jeni pekee. Makosa ya mara kwa mara ni haya: kodoni ya kusimamisha imeachwa kati ya jeni na GFP, GCCACC (mfuatano unaosaidia ribosomu kuanza) haipo mbele ya ATG, fremu imesogea nyukleotidi moja pale vipande vilipounganishwa, au lebo imebandikwa mbele ya peptidi ya ishara ya asili (inayoelekeza protini kwenye retikulamu), ikaizuia kutambuliwa. Kwa hilo la mwisho, lebo iwekwe baada ya mahali peptidi inapokatwa. Kwa protini zisizo na peptidi yao wenyewe lakini mwisho wao wa N unatakiwa kutokea nje, kama vingi vya vipokezi vya GPCR (vinavyofanya kazi na protini za G), peptidi ya hemaglutinini ya virusi vya mafua (MKTIIALSYIFCLVFA) ikifuatiwa na lebo fupi ya FLAG husaidia mara nyingi. Kingamwili ya M1 hushika FLAG pale tu mwisho wake wa N uko wazi na kalsiamu ipo, kwa hiyo isiposhika wakati kingamwili nyingine za FLAG zinashika, peptidi haijakatwa.

Hata GFP tupu inawaka kwenye seli chache

Hapa protini yako haina hatia. Anza na seli. Siku ya kuingiza DNA zinatakiwa ziwe hai kwa zaidi ya asilimia 95, ziwe zinagawanyika kwa kasi, na zisiwe zimepitishwa mara nyingi mno. Ukivuka mara 30 tangu ziyeyushwe, fungua kichupa kipya. Pima maikoplazima kwa PCR. Haifanyi midia iwe na ukungu wala haionekani kwenye hadubini ya kawaida, na penisilini haiigusi kwa kuwa haina ukuta wa seli, hivyo flaski inaweza kuonekana safi kabisa huku seli zikiwa zimedhoofika.

Kisha angalia midia. Midia nyingi za seli zinazoelea zina viambato vya kuzuia seli kushikamana, kama dekstrani salfeti au heparini. Hivi vina chaji hasi na hunyakua PEI, vikiitenganisha na DNA. Seli zinakua vizuri, transfeksheni (uingizaji wa DNA) inafeli. Uliza mtengenezaji kama midia hiyo inakubali PEI, au hamishia seli kwenye midia mpya isiyo na viambato hivyo saa chache kabla.

PEI yenyewe ndiyo mshukiwa anayesahaulika. PEI nyofu ya daltoni 25,000 haiyeyuki kwenye maji ya kawaida. Kwa mililita 100 za mg 1 kwa mililita, weka mg 100 kwenye maji mililita 90, shusha pH chini ya 2 kwa asidi ya hidrokloriki, koroga hadi chembe zote ziishe (saa mbili au tatu si ajabu), pandisha pH hadi 7.0, jaza hadi mililita 100, chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22, gawa kwenye vichupa na ugandishe. Kichupa kikishayeyushwa kinakaa kwenye nyuzi 4. Hakirudi kwenye friza. Ukipandisha pH kabla unga haujayeyuka wote, chembe hubaki kwenye kichujio na mkononi unakuwa na suluhisho hafifu lenye lebo ya mg 1. Kila bechi mpya ijaribiwe kwa GFP tupu kwa uwiano wa DNA kwa PEI wa 1:2, 1:3 na 1:4.

Kwa flaski ya mililita 30 yenye seli milioni 2.5 kwa mililita, anza hivi:

1. Weka mikrogramu 30 za DNA kwenye mililita 1.5 za midia, na mikrogramu 90 za PEI kwenye mililita 1.5 nyingine.
2. Mimina PEI juu ya DNA, changanya mara moja, acha dakika 15 kwenye joto la chumba. Ukiacha muda mrefu, chembe zinakuwa kubwa na kuzama.
3. Dondoshea kwenye seli huku ukizungusha flaski.
4. Rudisha kwenye nyuzi 37, CO₂ asilimia 8.

DNA isiwe na uwiano wa 260/280 (kipimo cha usafi kwa mwanga wa nanomita hizo) nje ya 1.8 hadi 2.0, lakini usiishie hapo. RNA iliyobaki hupandisha namba ya 260 na kukudanganya kwamba una DNA nyingi. Pitisha kidogo kwenye jeli uione kwa macho.

Seli zinawaka, lakini mwanga ni wavu unaozunguka kiini

Hiki ndicho kituo ambacho protini nyingi hukwama, na ndipo panapostahili muda wako. Tazama seli kwa lenzi kubwa. Protini iliyofika ukingoni huonekana kama mstari mwembamba unaozunguka seli, na pale seli mbili zinapogusana mstari huo hung'aa zaidi kwa sababu ni tando mbili zilizolaliana. Protini iliyokwama kwenye retikulamu huonekana kama wavu uliojaa ndani, na pete iliyo wazi kuzunguka kiini, kwa kuwa utando wa nje wa kiini umeungana na retikulamu. Donge moja nene lililokaa pembeni ya kiini ni protini iliyokwisha kuharibika na kurundikwa.

Macho peke yake hayatoshi. Chukua lisati (mchanganyiko wa seli zilizovunjwa), igawe mara tatu: moja bila kimeng'enya, moja na Endo H, moja na PNGase F, kisha uzipitishe kwenye jeli. Endo H hukata sukari za hatua ya retikulamu pekee. PNGase F hukata sukari zote zilizofungwa kwenye asparajini. Bendi ikishuka kwa Endo H, protini haijavuka Golgi. Ikishuka kwa PNGase F tu, imevuka. Tahadhari: kwenye seli za HEK293S GnTI⁻ jaribio hili halina maana, kwa sababu seli hizo haziwezi kukomaza sukari na kila kitu hubaki kikikatika kwa Endo H hata kikiwa ukingoni. Kwa seli hizo tumia kingamwili dhidi ya lebo inayotokea nje, kwenye seli ambazo hazijatobolewa, kwenye barafu, kisha linganisha na seli zilizotobolewa kwa saponini asilimia 0.1.

Ukishathibitisha imekwama, jaribu tiba kwa mpangilio huu, moja moja.

Shusha joto. Saa 16 hadi 20 baada ya DNA, hamishia flaski kwenye nyuzi 30. Usukaji unapungua kasi na vikunjaji vya seli (protini zinazosaidia nyingine kukunjika) vinapata nafasi ya kufanya kazi. Mfano unaojulikana sana ni CFTR, chaneli ya kloridi, yenye kasoro ya ΔF508: mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba protini hiyo, inayozuiliwa kwenye retikulamu kwa nyuzi 37, huanza kufika ukingoni seli zikipozwa. Mavuno ya jumla yanaweza kushuka kidogo, yanayofaa huongezeka.

Punguza DNA. Hili huwashangaza wengi. Promota ya CMV (ya virusi vya sitomegalo), inayotumika sana kwenye plasmidi hizi, ina nguvu kupita uwezo wa retikulamu kukunja protini ngumu. Changanya plasmidi yako na plasmidi tupu ili jumla ibaki mikrogramu 1 kwa mililita, lakini yako iwe asilimia 10, 30, 60 na 100. Ukiona asilimia 30 inatoa mwanga nusu ya ile 100 lakini kilele kizuri mara mbili kwenye kolamu (tazama sehemu ya kilele hapa chini), jibu umelipata.

Weka ligandi, yaani molekuli inayojishika kwenye protini. Kizuizi kinachoingia kwenye mfuko wa protini huishikilia katika umbo moja tulivu tangu inapozaliwa. Alprenololi hutumika hivyo kwa kipokezi cha β2 cha adrenalini, na naltreksoni kwa vipokezi vya opioidi. Chagua kitu kinachopenya seli, kwa kipimo kinachozidi Kd yake (mkusanyiko unaojaza nusu ya protini) mara kumi au zaidi, na DMSO isizidi asilimia 0.1. Iongezwe siku hiyo hiyo ya DNA, kwa kuwa kusubiri hadi kuvuna ni kuchelewa.

Angalia kama protini yako ina wenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa: Kir6.2 na SUR1, sehemu mbili za chaneli moja ya potasiamu, kila mmoja akiwa peke yake, hubaki kwenye retikulamu kwa sababu ya mfuatano wa RKR unaofichika pale tu wanapoungana. Kama chaneli yako ni ya vipande viwili au vitatu, vizalishe pamoja, na ujaribu uwiano tofauti wa plasmidi badala ya kudhani 1:1 ndiyo sahihi.

Mwisho, usifute maeneo ya sukari (Asn-X-Ser/Thr) eti ili bendi iwe safi. Vikunjaji vya retikulamu huitambua protini kupitia sukari hizo. Ukihitaji sukari zinazofanana, tumia GnTI⁻ au kifunensini ya mikromolari 5, na mfuatano wa protini uuache ulivyo.

Sodiamu butireti inahitaji neno lake. Huzuia vimeng'enya vinavyoondoa asetili kwenye histoni, DNA inabaki wazi, promota ya CMV inafanya kazi zaidi. Kiasi cha milimolari 5 hadi 10, yaani mililita 0.15 hadi 0.3 za suluhisho la molari 1 kwa flaski yetu, kiongezwe wakati wa kushusha joto. Huwa na faida kubwa pale protini inapokunjika vizuri lakini ni kidogo. Pale inapokwama, butireti inaongeza foleni tu.

Seli zinakufa siku ya pili

Kama flaski ya GFP tupu nayo inakufa, PEI ni nyingi au butireti iliingia mapema. Kama inakufa yako peke yake, protini ndiyo sumu, na kwa chaneli za ayoni sababu mara nyingi iko kwenye midia. Vipokezi vya NMDA, chaneli zinazofunguliwa na glutamati kwenye neva, ni mfano mzuri: midia ina glisini na glutamati, chaneli inafunguka, kalsiamu inamiminika ndani, seli zinakufa kabla hujavuna. Ongeza kizuizi tangu DNA inapoingia: APV, MK-801 au ketamini kwa NMDA, rutheniamu nyekundu kwa TRPV1, chaneli inayohisi joto na pilipili. Ubadilishaji mmoja wa amino asidi unaofunga chaneli nao ni njia halali, mradi swali lako la utafiti linauruhusu.

Njia nyingine ni kuchelewesha uzalishaji kwa mfumo unaowashwa na tetrasaiklini. Seli zikue kwanza, kisha washa kwa doksisaiklini mikrogramu 1 kwa mililita. Kama unatumia seramu, iwe iliyothibitishwa kuwa haina tetrasaiklini. Mifugo hupewa dawa hiyo na mabaki yake huwasha jeni lako usiku kucha bila wewe kujua.

Kwenye western (jeli inayosomwa kwa kingamwili) bendi haipo, au ni moshi juu ya jeli

Ulichemsha sampuli. Protini zenye heliksi nyingi za utando hushikamana kwa nyuzi 95 na kubaki kwenye kisima. Changanya na bafa ya SDS, acha dakika 30 kwenye nyuzi 37 au joto la chumba, pakia. Faida ya ziada: GFP isiyochemshwa hubaki imekunjwa ndani ya SDS, kwa hiyo unaweza kuiona bendi ikiwaka kwenye jeli yenyewe bila kingamwili. Usishtuke bendi ikitokea chini ya uzito uliokokotoa. Protini za utando hukimbia hivyo, kwa kuwa hushika SDS nyingi na hazifunguki zote. Bendi ya kilodaltoni 27 hivi inayowaka peke yake ni GFP iliyokatika, na hapo tafuta proteazi. PMSF, kizuizi cha proteazi, huoza kwenye maji ndani ya saa chache, haraka zaidi kwa pH 8, kwa hiyo iongeze tena wakati wa kuvunja seli na wakati wa kuyeyusha.

Lisati inawaka, lakini baada ya sentrifuji mwanga wote uko kwenye mashapo

Pima mwanga kabla na baada ya kuzungusha kwa 100,000 g kwa dakika 45. Kama mwanga uliobaki kwenye kimiminika cha juu ni chini ya nusu, jiulize kwanza kama detajenti inatosha. Gramu 1 ya seli kwa mililita 10 za bafa yenye DDM (detajenti laini) asilimia 1 na CHS (kinachofanana na kolesteroli) asilimia 0.2 ni mwanzo mzuri. Kusukuma gramu 1 kwenye mililita 3 ni kuifanya detajenti iishie kwenye lipidi. CHS haiyeyuki yenyewe: andaa stoki ya DDM asilimia 10 na CHS asilimia 2, itikise kwa sonikata hadi iwe angavu. Zungusha taratibu kwenye nyuzi 4 kwa saa 1 hadi 2. Lisati ikivutika kama ute, ni DNA. Weka nyukliezi (kimeng'enya kinachokata DNA) na magnesiamu milimolari 2.

Kama detajenti inatosha na mwanga bado uko kwenye mashapo, linganisha detajenti nne, DDM, LMNG, GDN na digitonini, kwenye mirija midogo. Zote nne zikishindwa, mara nyingi protini hiyo haikuwa imekunjwa. Rudi kwenye sehemu ya wavu na kiini. Hakuna detajenti laini itakayoiokoa.

Kilele kiko mwanzoni mwa kolamu

Pitisha mikrolita 50 hadi 100 za lisati iliyozungushwa kwenye kolamu ya Superose 6 Increase 10/300 (hutenganisha protini kwa ukubwa, kubwa zikitoka kwanza), mililita 0.5 kwa dakika, ukisoma mwanga wa GFP kwa nanomita 488 (za kuiwasha) na 510 (inazotoa). Bafa iwe na detajenti juu ya kiwango chake cha kuunda miseli. Kwa DDM, asilimia 0.02 hadi 0.03 inatosha. Kinachotoka karibu na mililita 8 ni madonge. Kinachotoka karibu na mililita 17 au 18 ni GFP huru. Protini nzuri hutoa kilele kimoja chenye pande sawa katikati. Hii ndiyo namba ya kulinganisha hali zote zilizotajwa hapo juu: urefu wa kilele hicho cha katikati, kwa kiasi kile kile cha seli.

Kama kilele ni kizuri leo na kibaya kesho, protini ni dhaifu. Pasha sampuli dakika 10 kwa nyuzi 30, 40, 50 na 60, zungusha, pitisha tena. GFP yenyewe huvumilia zaidi ya hapo, hivyo kinachopotea ni chako. Ligandi au detajenti inayosogeza joto la kuvunjika juu kwa nyuzi 5 ina thamani kuliko inayoongeza mwanga wa jumla.

Mililita 30 ni nzuri, lita 1 ni mbaya

Karibu kila mara ni hewa au uchanganyaji. Usijaze flaski isiyo na mikunjo zaidi ya theluthi moja. Kasi ya mtikiso haihamishiki kutoka mashine moja kwenda nyingine: 125 kwa dakika kwenye mzunguko wa milimita 19 hukaribiana na 95 kwenye milimita 50. Kuchanganya mililita 50 za DNA na 50 za PEI hakutokei kwa kumimina taratibu. Mimina kwa mkupuo na kupindua chupa mara kadhaa, la sivyo sehemu moja inapata PEI yote. Pia DNA ya lita 1 ni mg 1 nzima, na mara nyingi hutoka kwenye bechi tofauti na ile uliyojaribia.

Kwa mavuno ya kila mwezi, fikiria BacMam, virusi vya wadudu vilivyorekebishwa kupeleka jeni kwenye seli za mamalia. Virusi vya P2 (kizazi cha pili cha kukuzwa) hutumika kwa asilimia 5 hadi 10 ya ujazo, kwenye seli milioni 3 kwa mililita. Baada ya saa 8 hadi 24 weka butireti milimolari 10 na ushushe joto hadi nyuzi 30. Virusi hivyo vitunzwe nyuzi 4, gizani, na seramu kidogo, kwa kuwa mwanga huvidhoofisha. Bechi yako ikishuka nguvu ghafla, uliza kwanza chupa ilikaa wapi.

Laini ya kudumu inafifia

Seli ambazo hazizalishi hukua haraka kuliko zinazozalisha, na promota ya CMV hufungwa na methili taratibu. Rudisha dawa ya uteuzi, chuja seli zinazowaka kwa mashine ya kupanga seli, na gandisha vichupa 20 mapema, wiki ile ile unayothibitisha laini. Ukiona makundi mawili kwenye grafu ya mwanga, moja likiwa gizani kabisa, hakuna haja ya kurekebisha midia: yeyusha kichupa cha mwanzo na uanze upya.